Kunyonyesha penye vumbi la mgodi: mwongozo kwa akina mama wa Lubumbashi

Swali linalorudi kila siku ya kupima watoto ni hili: "Mama, wanasema maziwa yetu yana sumu ya kobalti. Nimwachishe mtoto?" Wanaliuliza Ruashi, wanaliuliza Katuba, mke wa mchimbaji na mke wa karani vilevile. Jibu nalitoa kabla ya yote: hapana, usimwachishe. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, kisha kazi za kufanya nyumbani, nikianza na zile zinazopunguza sumu nyingi kwa gharama ndogo.

Hatua ya 1: Mwache mtoto kwenye titi

Maziwa ya mama yanatengenezwa kutoka kwenye damu yake. Kilichomo ndani ya damu, sehemu yake inaweza kupita: risasi (ile tunayoiita plomb), zebaki, kadimi, kobalti, hata dawa za wadudu kama DDT. Jambo hili si la Katanga peke yake. Marekani walikuta DDT kwenye maziwa ya akina mama tangu 1951, na kwa miongo kadhaa sasa Shirika la Afya Duniani limekuwa likisimamia upimaji wa maziwa ya akina mama katika nchi nyingi. Wanachagua maziwa kwa sababu yana mafuta, na sumu za aina ya DDT hujificha kwenye mafuta. Tena kuyapata hakuhitaji sindano. Maziwa yanapimwa ili ijulikane mazingira yamechafuka kiasi gani. Habari hiyo inapotufikia kwa simu, sehemu hii inakuwa imekatwa, na mama anabaki na neno moja tu: sumu.

Sasa tazama viwango. Risasi inayofika kwenye maziwa kwa kawaida haizidi sehemu 3 kwa 100 ya ile iliyo kwenye damu ya mama. Aseniki hupita kidogo sana pia. Kule Bangladesh, ambako visima vingi vina aseniki ya asili, watafiti walipima mkojo wa watoto wachanga wakakuta wale walionyonya tu wana aseniki kidogo, ingawa mama zao walikuwa wakinywa maji yaleyale mabaya. Mwili wa mama ulikuwa umewakinga.

Linganisha na kopo la maziwa ya unga. Unga huo unataka maji, mara kadhaa mchana na usiku. Maji yakitoka kwenye kisima kilicho karibu na mto unaopokea maji ya kiwanda, mtoto anayanywa moja kwa moja, bila mwili wa mama kuchuja chochote. Ongeza bei ya kopo, chupa isiyooshwa vizuri, na kuhara. Mtoto wa miezi mitatu anayehara Lubumbashi yuko katika hatari kubwa na ya haraka kuliko ile ya vumbi la mgodi.

Kwa hiyo: miezi 6 ya kwanza titi peke yake, hata maji usimpe, hata uji wa kuonja ambao mama mkwe anausifia. Baada ya hapo chakula pamoja na titi mpaka miaka 2 au zaidi. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na ushauri huo haujabadilika kwa wanaoishi karibu na migodi.

Kuna hali chache ambapo daktari anaweza kukuambia usimame kwa muda. Moja ni risasi nyingi mno kwenye damu ya mama: mwongozo wa Marekani unataja mikrogramu 40 kwa desilita. Nyingine ni mama aliyepatwa na sumu ya zebaki hivi karibuni. Hata hapo unakamua na kumwaga, ili maziwa yasikauke, kisha unarudi kunyonyesha kipimo kikishuka. Uamuzi huo unatokana na kipimo cha damu. Jirani, au picha iliyosambazwa kwenye WhatsApp, haiwezi kuutoa.

Hatua ya 2: Tafuta sumu inaingilia wapi nyumbani kwako

Mji huu ulianzishwa kwa ajili ya shaba. Tanuri la kuyeyushia shaba la kampuni ya Union Minière liliwashwa 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi. Ndiyo maana udongo wa upande ule, Quartier Gécamines na Penga Penga, umebeba shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi na aseniki nyingi kuliko mitaa mingine. Madini hayaozi. Yaliyoanguka wakati wa nkambo zetu (babu na bibi) bado yako pale, na kila kiangazi upepo unayainua upya. Siku hizi kuna vyanzo vingine: mashimo ya Ruashi, maghala ya kununulia madini kando ya barabara, malori yasiyofunikwa, na mito kama Kafubu, Naviundu na Lubumbashi yenyewe.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kwenye kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na kobalti ya kiwango ambacho hakijawahi kuandikwa popote kwa watu wa kawaida, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Watoto hao hawakuwa wanyonyaji, walikuwa wakubwa zaidi. Wanaivuta kwa pumzi, wanaila chini, wanaila kwenye mboga, wanainywa.

Basi kaa chini na mumeo mjiulize. Nani hapa nyumbani anagusa madini kazini? Kiwanja chetu kimejazwa udongo kutoka wapi, au kuna mabaki meusi ya tanuri yaliyomwagwa ili kuziba matope? Maji tunayokunywa yanatoka kisima gani, na kisima kiko umbali gani kutoka mtoni? Mboga tunanunua kwa nani, na analima wapi? Ninajipaka nini usoni? Jibu linalokutia wasiwasi zaidi ndilo uanze nalo.

Hatua ya 3: Vumbi la kazini libaki mlangoni

Kama ungeniruhusu kukupa hatua moja tu, ningekupa hii.

Kati ya 2013 na 2015 palifanyika uchunguzi hapa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana. Matokeo yalichapishwa 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Watafiti walilinganisha watoto 138 wenye kasoro na 108 wasio nazo, wakatafuta kinachowatofautisha. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni kazi ya baba kwenye madini: uwezekano wa kasoro ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 5. Hesabu hiyo ina mashaka yake kwa kuwa familia zilikuwa chache, lakini inatuambia jambo ambalo wanaume wengi hawajaambiwa, kwamba ulinzi wa mtoto unaanza na baba kabla hata ya mimba. Siku ya CPN (kliniki ya wajawazito), mama asiende peke yake kila mara. Baba mchimbaji naye ana la kusikia.

Utaratibu wa kurudi nyumbani ni huu. Baba akifika, viatu vya kazi vinabaki nje, mahali ambapo mtoto hatambai. Nguo za mgodi anazivua kabla ya kuingia ndani, hata kama ni nyuma ya kikwembe kilichotundikwa kando ya choo, na kuzitia kwenye mfuko au ndoo yenye kifuniko. Anaoga mwili mzima, na kichwa pia, kwa sababu nywele hushika vumbi. Anasugua chini ya kucha. Ndipo ambebe mtoto. Najua inauma: mtoto anakimbilia mlangoni, "papa, papa," naye baba amemkumbuka kutwa nzima. Dakika kumi za kuoga zitapita.

Nguo zile zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala vikwembe vya mama. Zisikung'utwe wala kupigwa-pigwa zikiwa kavu, ziloweshwe kwanza. Maji ya kufulia yamwagwe chooni au kwenye shimo, mbali na bustani na mahali pa kuchezea. Kama anayefua ni mama mjamzito au anayenyonyesha, basi baba azifue mwenyewe siku yake ya mapumziko. Hakuna heshima inayopotea hapo.

Madini yasilale ndani ya nyumba. Mfuko wa heterojeniti (mawe yenye kobalti) uliowekwa chini ya kitanda usiibwe ni mfuko unaovuja usiku kucha. Na mifuko mitupu ya madini isianikiwe mihogo, isitandikwe kama mkeka wa mtoto, isitunzie unga wa bukari (ugali). Kuponda na kuchekecha mawe kufanyike mbali na makazi. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, familia zilikuwa zikisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Mawe yetu mengi ni ya shaba na kobalti, lakini yale ya upande wa Kipushi yana zinki, risasi na kadimi ndani yake, na jicho haliwezi kutofautisha.

Mama anayeosha madini mtoni huku mtoto yuko mgongoni anafanya hivyo kwa sababu jioni kuna sufuria inayosubiri, na sitamwambia tu aache. Namwambia hivi: kama kuna nkambo, dada au jirani wa kukaa na mtoto, mtoto abaki naye, wewe utakamua maziwa asubuhi kwenye kikombe safi chenye kifuniko, na mtoto atanyweshwa kwa kikombe hichohicho. Yakiwekwa penye ubaridi na kivuli, yatumike ndani ya saa 4. Kama lazima uende naye, akae upande ambao upepo unatokea, mbali na wanaoponda. Kabla ya kumpa titi, osha mikono na kifua kwa maji safi uliyobeba kutoka nyumbani, wala si yale ya mtoni, ujifunge kikwembe kingine ulichokiweka ndani ya mfuko. Vumbi lililoko juu ya ngozi ya titi linaingia kinywani mwa mtoto moja kwa moja, na hilo unaweza kulizuia kwa kikombe cha maji.

Hatua ya 4: Sakafu, mikono, udongo

Mtoto akianza kutambaa, hesabu inabadilika. Mpaka hapo alikuwa akipokea kilichopita kwako, na sasa anaokota mwenyewe. Kila kitu kinaonjwa. Matumbo ya mtoto mdogo hunyonya risasi kwa wingi kuliko ya mtu mzima, karibu nusu ya anayomeza, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Usifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza, au piga deki kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kisuuzwe kwenye ndoo ambayo haitumiki kwa chakula. Kati ya Mei na Septemba, wakati vumbi jekundu linapoingia hata kwenye sahani zilizofunikwa, fanya hivyo kila siku ukiweza, na madirisha ya upande wa barabara yafungwe malori yanapopita. Mtoto akae juu ya mkeka unaofuliwa. Mikono yake ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, kwa sababu usiku ndipo vidole vinanyonywa.

Nje, sehemu ya kuchezea ifunikwe: majani yaliyopandwa, au mchanga safi kutoka sehemu isiyo ya mgodi. Udongo mtupu ndio unaoruka. Kama kiwanja kimemwagwa mabaki ya tanuri, funika sehemu hiyo kwa udongo mzuri na kuipanda, usianze kuyachimba huku watoto wako pale.

Hatua ya 5: Maji

Wengi wetu tumefundishwa kuchemsha maji, na ni vizuri, kwa maana kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini kuchemsha hakuondoi madini. Maji yanapungua kwa mvuke, madini yanabaki, kwa hiyo maji yaliyochemka sana yana madini mengi zaidi kwa kila kikombe. Dawa ya klorini nayo haiyagusi. Maji meupe kabisa, yasiyo na harufu, yanaweza kuwa na risasi au manganisi.

Kinachosaidia ni kuchagua chanzo. Bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, likitoa maji, tumia hayo kwa kunywa na kupikia, na ya kisima yabaki kwa kufulia na kusafisha. Bomba likiwa limelala usiku kucha, acha maji ya kwanza yatiririke kidogo, uyakinge kwa kufulia. Foraji (kisima kilichochimbwa kwa mashine) yenye kina kirefu, iliyo mbali na mto mchafu na mbali na mabwawa ya kiwanda, kwa kawaida ni salama kuliko kisima kifupi, ila iliyopimwa ndiyo ya kuaminiwa. Unayeuza maji ya foraji, wateja wako wana haki ya kukuuliza kama yalipimwa madini, na lini. Maji ya mvua yafaa, lakini dakika za kwanza za mvua zinaosha bati; usizikinge, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi.

Jambo moja ambalo linanitia hofu kila niingiapo viwanjani ni bidoni (madumu) na mapipa yaliyotoka viwandani. Pipa la bluu ni imara, ni la bei nafuu sokoni, na kabla hujalinunua lilibeba asidi au dawa ya kusafishia madini. Hata ukilioshaje, halitakati. Maji ya kunywa na ya kupikia yawekwe kwenye bidoni ya mafuta ya kula au ndoo mpya yenye kifuniko.

Hatua ya 6: Chakula cha mama

Hapa akina mama wanategemea niwape orodha ya makatazo. Ninaanza na kuongeza.

Risasi ikiingia mwilini hujifanya kama kalsiamu na kukaa mifupani. Mifupa ni ghala: haba na haba, tangu utotoni, risasi inajazwa humo na inaweza kulala miaka 20 au zaidi. Wakati wa mimba na kunyonyesha, mwili wa mama unachota kalsiamu kutoka kwenye ghala hilo ili kumjenga mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo. Ndiyo maana mwanamke aliyekulia karibu na tanuri, akaolewa akahamia mbali, bado anaweza kumpitishia mtoto risasi ya utoto wake. Mama akila kalsiamu ya kutosha, mwili unachota kidogo zaidi mifupani. Kapenta na ndagala, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ni kalsiamu nzuri ya bei ya hapa kwetu. Maziwa ya mgando ukiyapata, vizuri. Maharagwe na sombe (majani ya mihogo) yanaongezea.

Chuma cha damu ni muhimu vilevile. Mtu aliyepungukiwa na damu, matumbo yake yanafungua milango kutafuta chuma, na risasi, kadimi, kobalti na manganisi vinaingia kwa mlango huohuo. Vidonge vya chuma mnavyopewa CPN si mapambo ya kabatini. Vimezeni, hata kama vinafanya choo kuwa cheusi. Ukivimeza na chungwa au pera vinaingia vizuri zaidi. Chai iache mpaka baadaye, kwa kuwa inavizuia.

Kuhusu mboga: majani yanabeba madini mengi kuliko matunda na punje. Lenga-lenga, matembele na kabichi ya Kichina vilivyolimwa upande wa tanuri au kumwagiliwa maji ya mto mchafu ndivyo vya kuogopa zaidi. Nyanya, bamia, maharagwe na mahindi ya udongo uleule huwa na kidogo. Sisemi uache mboga, maana mama asiye na mboga anapungukiwa na damu na tunarudi palepale. Muulize muuzaji bustani iko wapi. Osha majani katika maji matatu, ukiyasugua, kwa sababu sehemu ya madini ni vumbi lililokaa juu tu. Menya viazi na mihogo baada ya kuiosha. Anayelima mwenyewe kwenye udongo wenye mashaka ajue kwamba wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuchanganya udongo kama huo na chokaa pamoja na samadi ya kuku na mboji, kwa kuwa chokaa hupunguza uchachu wa udongo na madini hayapandi kwa urahisi kwenye mmea. Njia nyingine ni kulima kwenye mifuko au matuta ya udongo ulioletwa kutoka mbali.

Samaki wadogo wa ziwa Tanganyika na ziwa Moero kula bila hofu. Samaki wa ziwa Tshangalele, linalopokea maji ya viwanda vya Likasi, usiwafanye chakula cha kila siku ukiwa na mimba au mtoto mchanga.

Na pemba, udongo mweupe unaouzwa kwa vipande sokoni. Wajawazito wanautamani na siwacheki, hamu ile mara nyingi inaendana na upungufu wa damu. Lakini udongo wa aina hiyo umepimwa mara nyingi ukakutwa na risasi, tena unazuia chuma kuingia mwilini. Ukiona huwezi kukaa bila pemba, nenda upimwe damu.

Mwisho wa hatua hii, usijikondeshe haraka baada ya kuzaa. Sumu za aina ya DDT na PCB (kemikali ya mafuta ya transfoma za zamani) ziko ndani ya mafuta ya mwili, na mafuta yakiyeyuka kwa kasi zinamwagika kwenye damu na maziwa. Mwili urudi polepole.

Hatua ya 7: Sumu ambazo hazitoki mgodini

Krimu za kujichubua zinakuja kwanza. Baadhi zina zebaki, ambayo inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye maziwa, na inamfikia mtoto hata kwa kugusana shavu kwa shavu. Mkataba wa Minamata, mapatano ya mataifa juu ya zebaki, kwanza uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo, na 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa na kukataza kabisa krimu zilizotiwa zebaki, lakini sokoni ziko zilizozidi hata kikomo kile mara nyingi. Ukiona kwenye lebo maneno mercure, calomel au Hg, au onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu na fedha, itupe. Isiyo na lebo kabisa nayo itupe. Kuacha kunaleta nafuu: zebaki hupungua mwilini ndani ya miezi.

Batri za gari zisivunjwe wala kuyeyushwa kiwanjani. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, kazi hiyo iliua watoto 18 kati ya 2007 na 2008. Sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa zinaweza kuachia risasi, hasa ukipika vitu vichachu kama ngai-ngai (majani ya rozela) au nyanya; vyakula hivyo pikia kwenye sufuria ya kiwandani au ya chuma cha pua. Mafuta ya transfoma ya zamani yanaweza kuwa na PCB, kwa hiyo hayapakwi kwenye ngozi, hayakaangii mandazi. Dawa ya kunguni inayouzwa kwenye chupa ya maji, bila jina, usiipulize chumba cha mtoto. Plastiki na nyaya zisichomwe karibu na kuku: kuku wanadonoa majivu, na sumu ya dioksini inaishia kwenye yai.

Hatua ya 8: Hospitali, na nini cha kuomba

Kupima maziwa yako hakukusaidii sana. Kiasi kinabadilika kutoka saa hadi saa, chombo chenyewe kinaweza kuyachafua, na hakuna daktari atakayejua la kufanya na namba ile peke yake. Kinachosaidia kwa risasi ni kipimo cha damu, ya mama na ya mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kiondolewe, na mjamzito asiyepata kalsiamu ya kutosha aongezewe. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Ukifika kwa daktari au muuguzi, usiseme tu "mtoto hakui." Sema baba anafanya kazi gani, mnakaa mtaa gani, maji yanatoka wapi, na kama kuna aliyeyeyusha batri karibu. Bila maneno hayo, dalili za risasi zinafanana na mambo mengine mengi: mtoto mwenye hasira, asiye na hamu ya kula, anayefunga choo, anayechelewa kukaa au kusema, mwenye damu pungufu isiyopanda hata akipewa dawa. Degedege ni dharura. Mkimbize saa hiyohiyo, apimwe malaria, na mwambie daktari habari ya madini hata kama hakuuliza. Uzito wa CPS (kliniki ya kupima watoto) usikose mwezi hata mmoja, maana mstari wa kadi ndio unaoonyesha mapema kwamba kuna jambo.

Mengine hayatatuliwi na ndoo na sabuni ya mama mmoja. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na iandikiane na jamii hizo cahier des charges, yaani orodha ya yale itakayofanya. Mikutano hiyo mara nyingi inajaa wanaume, na orodha inajaa paa za shule na viwanja vya mpira. Nendeni nanyi, mkiwa na mtoto mgongoni, pamoja na relais communautaire (mhudumu wa afya wa jamii) wa mtaa wenu. Ombeni foraji iliyopimwa madini, matokeo yakibandikwa hadharani. Ombeni bafu na mahali pa kufulia huko huko mgodini, ili nguo zisifike nyumbani. Ombeni malori yafunikwe na barabara imwagiwe maji wakati wa kiangazi, na kipimo cha damu kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 kwenye kituo chenu cha afya. Hakikisheni yameandikwa kwa maneno hayo kabla mtu hajatia sahihi, na mbaki na nakala.